UZI: Kukusanya na kulenga eksirei laini, kioo kikubwa kitanisaidia au najidanganya?

Nuru_Kavu (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Nina mradi wa hadubini ndogo ya eksirei laini, ya kukaa maabara ya kawaida, sio ya sinkrotroni (ile mashine kubwa inayozungusha elektroni ili zitoe eksirei). Chanzo ni plazma, yaani leza inapiga mkupuo wa gesi ya naitrojeni na plazma inatoa mstari mkali wa nanomita 2.88, ambao ni kama elektroni-volti 430. Nimechagua hapo kwa sababu ya lile dirisha la maji, kati ya nm 2.3 na 4.4, ambapo kaboni inafyonza sana ila oksijeni ya kwenye maji inapitisha, kwa hiyo seli mbichi yenye maji yake inaonekana bila kupakwa rangi.

Shida yangu fotoni hazitoshi. Plazma inatawanya nuru pande zote na kinachofika kwenye sampuli ni kiduchu. Nimewaza nitengeneze kioo kikubwa kadiri inavyowezekana kinachozunguka chanzo, nikusanye kila kitu nikilenge sehemu moja. Plazma yangu ina upana wa kama mikroni 300, eneo ninalotaka kulitazama ni mikroni 30 tu. Objektivu, yaani kile kinachotengeneza picha, ni zonipleti (kisahani chenye pete nyembamba nyingi, ndizo zoni, zinazolenga eksirei) yenye zoni ya nje ya upana wa nm 30. Naombeni nondo, nianzie wapi, na kwa nini kila ninachosoma wanatumia vioo vya ajabu ajabu badala ya lenzi?

Kipofu_Anaona

Nakaa siti ya mbele, wajuzi waje. Ila na mimi niongezee swali, kweli kwa nini sio lenzi? Lenzi ya kioo si ndio inakusanya mwanga miaka yote?

FundiVioo

Nianze na la lenzi maana ni fupi. Röntgen mwenyewe alijaribu kuipinda eksirei kwa lenzi mwaka 1895 ikamshinda. Kwenye eksirei, namba ya kupinda mwanga ya karibu kila mata iko chini ya 1 kidogo sana, tofauti yake na 1 kwa eksirei laini ni sehemu ya mia moja ukibahatika, mara nyingi sehemu ya elfu au chini ya hapo. Kwa hiyo lenzi inapinda kidogo mno, na kabla haijapinda cha maana imeshameza mionzi yote. Kwenye eksirei ngumu wanapanga lenzi ndogo nyingi mfululizo na inafanya kazi, ila kwenye 430 eV ufyonzaji haukuruhusu. Hewa yenyewe tu, chini ya milimita moja imeshakula sehemu kubwa ya mstari wako, ndio maana kila kitu kinakaa ndani ya vakyumu.

Sasa hiyo namba kuwa chini ya 1 ina faida yake. Mionzi ikija kwa pembe ndogo sana na uso wa kioo, inaakisiwa yote inarudi nje, kinyume na ile ya mwanga wa kawaida inayotokea ndani ya kioo. Compton alionyesha hilo miaka ya 1920. Mwisho wa pembe hiyo ni mzizi wa mara mbili ya ile tofauti. Kwa dhahabu kwenye 1 keV unapata nyuzi tatu na ushee, kwa nikeli kwenye 430 eV unaenda kama nyuzi sita. Ukizidisha pembe hapo uakisi unaporomoka. Kwa hiyo vioo vyote "vya ajabu" unavyoviona vinafanya kazi kwa kuparaza tu, mionzi inapita karibu sambamba na uso.

Gharama yake ndiyo hii, kioo cha urefu wa mm 100 kikiwa kwenye pembe ya nyuzi 1.5 kinaonekana na chanzo kama kipande cha mm 2.6 tu. Ndio maana watu wa anga wanapanga mabomba ndani ya mabomba. XMM-Newton, chombo cha anga cha Ulaya cha kutazama eksirei, ina darubini tatu na kila moja ina maganda 58 ya nikeli yaliyopakwa dhahabu, mengine unene wake haufiki hata milimita moja. Wale wa Chandra, chombo cha Wamarekani cha kazi hiyohiyo, wakachagua maganda manne mazito yenye upako wa iridiamu, wakapata picha kali ya nusu sekunde ya arki (sekunde ya arki ni sehemu moja ya 3600 ya nyuzi). Wote walirushwa 1999, mmoja kafuata eneo la kukusanya mwingine kafuata ukali wa picha. Hutapata vyote kwa bajeti moja.

Mbishi_wa_Fizikia

Sasa hapo ndio mleta uzi anapata jibu lake, apange maganda kama XMM, amalize.

Mama_Optiki

Hapana mdogo wangu, taratibu kwanza. Nyota iko mbali mno, kwa darubini ni kama nukta. Plazma ya mwenzetu ina mikroni 300. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa na humu ndimo pesa za watu zinapotelea.

Mleta uzi, swali lako umeliuliza kwa kuanzia kwenye kioo. Anzia mwisho. Jiulize objektivu yako inaweza kupokea nini. Zonipleti ya nm 30 kwenye nm 2.88 inapokea mionzi ya hadi upana wa 2.88 gawanya kwa 60, yaani 0.048, ambayo ni nyuzi 2.75 kutoka kwenye mhimili. Na eneo unalolitazama ni mikroni 30. Eneo mara pembe, hiyo ndiyo "nafasi" uliyonayo. Mionzi inayotua nje ya zile mikroni 30 haikusaidii, na inayokuja kwa pembe kubwa kuliko 2.75 haiingii kwenye picha. Na sheria ya kimaumbile ni kwamba zao la eneo na pembe halipungui kwa kioo chochote, ukibana doa pembe inatanuka, ukibana pembe doa linatanuka.

Tufanye hesabu. Chukua kioo cha umbo la ellipsoidi (kama yai refu), chanzo kwenye fokasi moja sampuli kwenye nyingine, umbali wa jumla mm 600. Mionzi inatoka kwenye chanzo kwa pembe fulani na mhimili, inafika kwenye sampuli kwa pembe nyingine, na jumla ya hizo mbili ni mara mbili ya pembe ya kuparaza. Tukiparaza kwa nyuzi 4 ili nikeli iakisi vizuri, na upande wa sampuli tunataka 2.75, basi upande wa chanzo ni 5.25. Ukuzaji wa kioo ni saini ya 5.25 gawanya kwa saini ya 2.75, unapata 1.9. Maana yake plazma yako ya mikroni 300 inakuwa doa la karibu mikroni 600 kwenye sampuli. Wewe unatumia 30. Ukigawanya ukaweka kipeo cha pili inabaki 0.25%, robo ya asilimia moja ya ulichokikusanya.

Kwa hiyo ukiongeza kioo kikubwa zaidi unaongeza mdomo wa faneli wakati shingo ya chupa ni ileile.

Mbishi_wa_Fizikia

Basi atengeneze kioo kinachopunguza badala ya kukuza! Akipunguza mara kumi, mikroni 300 inakuwa 30 tumemaliza kesi.

Mama_Optiki

Haya, punguza mara kumi. Upande wa sampuli pembe inakuwa kubwa mara kumi ya upande wa chanzo. Ukibaki na 2.75 upande wa sampuli, upande wa chanzo unakusanya kwa pembe ya nyuzi 0.27 tu, umekusanya karibu na bure. Ukitaka kukusanya kwa nyuzi 5 upande wa chanzo, upande wa sampuli itabidi iwe zaidi ya hamsini, hakuna upako unaoparaza kwa pembe hiyo na hata ungekuwepo objektivu ingeikataa. Kila ukizunguka unarudi kwenye ukuta uleule.

Kitu kinachohesabika hapa ni mng'ao wa chanzo, yaani fotoni ngapi kwa kila eneo kwa kila pembe. Kioo hakiongezi mng'ao, kinaupunguza tu kwa kiasi cha uakisi wake. Pesa yako peleka kwenye kuifanya plazma iwe ndogo kwanza.

Nuru_Kavu (mleta uzi)

Daah. Mama umenivuruga halafu umenipanga. Kwa hiyo mwezi mzima ninaochora kioo kikubwa...? Plazma ndogo naipataje, gesi ikitoka kwenye nozeli inatanuka haraka sana kwenye vakyumu.

Chembe_Moto

Naingia hapa, plazma ndio mitaa yangu. Njia ya kwanza ni kubana gesi, nozeli ya pete mbili, naitrojeni katikati heliamu inaizunguka, heliamu inaizuia naitrojeni isitawanyike kwa hiyo leza inakuta msongamano mkubwa kwenye nafasi ndogo. Kuna faida ya pili watu hawaisemi sana, 430 eV iko juu kidogo ya ukingo wa ufyonzaji wa naitrojeni (nishati ambayo ukiivuka ufyonzaji unaruka juu ghafla) ambao ni 410 eV, kwa hiyo naitrojeni baridi iliyobaki kuzunguka plazma inameza mstari wako mwenyewe. Heliamu haina shida hiyo. Pampu lazima ziwe na nguvu.

Njia ya pili ni kuachana na gesi, unatumia mkondo mwembamba wa naitrojeni ya kimiminika. Hapo plazma inashuka hadi kama mikroni 20. Ila mkondo unayumba, na mara nyingi watu hapo wanatumia mstari wa nm 2.48 badala ya 2.88, kwa hiyo optiki yote inabadilika.

Solidi sikushauri. Inang'aa sana lakini inatapika vipande vinaenda kutua kwenye kioo chako. Wale wa litografia ya nm 13.5, wanaochapa chipu za kompyuta, wanapiga matone ya bati kama elfu hamsini kwa sekunde, na wanalazimika kupitisha gesi ya hidrojeni muda wote kulinda kioo cha kukusanyia. Hiyo ni kampuni yenye jeshi la mainjinia, wewe uko peke yako.

Kipofu_Anaona

Subiri, umetaja hao wa 13.5. Wale si wanatumia kioo kikubwa kinachotazamana na plazma uso kwa uso, sio kuparaza? Mbona wao wanaweza?

FundiVioo

Swali zuri. Wale wanatumia vioo vya tabaka nyingi. Molibdenamu na silikoni kwa zamu, kila jozi kama nm 6.9, jozi 40 hadi 50. Kila mpaka unaakisi kidogo, na unene umepangwa ili vyote vijumlike pamoja, mwishoni unapata karibu 70% kwa mionzi inayokuja wima. Hata hivyo vioo kumi mfululizo vya 70% vinakuachia kama 2.8% ya ulichoanza nacho, ndio maana wanahitaji chanzo cha kutisha.

Ukishuka kwenye dirisha la maji mambo yanaharibika kwa sababu ya ukwaruzo wa mipaka. Uakisi unapungua kwa namba e yenye kipeo hasi cha mraba wa (4π mara ukwaruzo mara saini ya pembe gawanya kwa urefu wa wimbi). Weka ukwaruzo wa nm 0.3, ambao ni kazi safi kabisa, ni atomi moja au mbili. Kwenye nm 13.5 wima unabaki na 92%. Kwenye nm 3.1 wima unabaki na 23%. Ukwaruzo uleule! Na hapo ni kabla ya kuhesabu ufyonzaji. Halafu jozi za nm 1.5 kila moja, na unahitaji mamia ya jozi, ukikosea unene kidogo kilele cha uakisi kinahama kinaukosa mstari wako, maana upana wa kilele ni mwembamba mno.

Sasa linganisha na kuparaza. Nyuzi 4, nm 2.88, ukwaruzo nm 0.5, unapoteza chini ya 3%. Kuparaza kunasamehe.

Na ukienda tabaka nyingi angalia kingo za elementi. Kromiamu na skandiamu ndio wazuri kwa nm 3.1, ila ukingo wa skandiamu uko hapohapo, ukienda kwenye 2.88 umeuvuka na skandiamu inaanza kufyonza. Kwa 2.88 ni kromiamu na titani. Kwa 2.48 ni kromiamu na vanadiamu. Kwa vyote hivyo tegemea asilimia chache tu mkononi, wakati nikeli kwa kuparaza ningepanga na 50% nikalala usingizi.

Mbishi_wa_Fizikia

Sawa nimekubali la faneli. Ila ellipsoidi ina ugonjwa wake, nje ya mhimili picha inaharibika vibaya. Wolter 1952 alionyesha lazima uakisi mara mbili ndipo mionzi ya pembeni ikae sawa, ndio maana darubini nyingi za eksirei za anga zina paraboloidi ikifuatiwa na haipaboloidi.

Mama_Optiki

Hapo umesema kweli, na nimefurahi. Ila uliza anatengeneza nini. Hiki kioo chake ni kondensa, kazi yake ni kumwaga nuru kwenye sampuli, picha inatengenezwa na zonipleti. Akipata doa lenye ukungu kidogo pembezoni haliharibu picha. NICER, kile kifaa cha kupima eksirei za nyota kule kwenye kituo cha anga cha kimataifa, ina vikusanyio 56 vinavyoakisi mara moja tu, hawakutaka picha, walitaka fotoni na muda zinapofika. Ukiweka kioo cha pili umekata tena uakisi kwa nusu bure.

Hata usahihi wa umbo usikutie presha. Kosa la mteremko la mikroradiani 10 kwenye kioo kilicho mm 390 kutoka kwenye sampuli linatanua doa kwa mikroni 8 hivi. Kwa kondensa inavumilika. Ukiagiza kioo cha chini ya mikroradiani moja utalipa mara nyingi zaidi na hutaona tofauti yoyote.

Kijana_wa_KB

Je, vioo viwili bapa vilivyopindwa, kile cha Kirkpatrick na Baez cha 1948? Kimoja kinalenga wima kingine mlalo. Ni rahisi kung'arisha kuliko ellipsoidi ya ndani ya bomba.

FundiVioo

Ni rahisi kweli, na kwenye sinkrotroni ni vitamu sana kwa sababu boriti yao ni nyembamba tayari. Kwa plazma inayotawanya pande zote unapata kona moja ndogo tu, wakati bomba la ellipsoidi linazunguka digrii zote 360. Toroidi (umbo la donati) ndio kabisa usifikirie, kwa mita 1 na mita 1 na nyuzi 1.5 unahitaji mkunjo wa mita 38 upande mmoja na mm 26 upande mwingine, na bado ina kasoro za kutosha.

Bomba lenyewe halitengenezwi kwa kung'arisha ndani, siwezi kumwombea hata adui kazi hiyo. Unang'arisha nguzo ya nje yenye umbo hilo, unaikuza nikeli juu yake kwa umeme, halafu unaitoa. Ni njia ileile ya maganda ya XMM.

Nuru_Kavu (mleta uzi)

Nimekaa na hesabu usiku. Ellipsoidi ya mm 600 fokasi hadi fokasi, katikati ya kioo iko mm 207 kutoka kwenye plazma na 393 kutoka kwenye sampuli, kipenyo pale kama mm 38, urefu wa kioo mm 60. Inakusanya mionzi ya nyuzi 4.75 hadi 5.9, ambayo ni kama 0.1% ya nuru yote ya plazma. Mwanzoni ningecheka namba hii, sasa naona inatosha maana chupa yenyewe ndiyo hiyo. Plazma ikishuka mikroni 20 doa ni mikroni 38, eneo langu la 30 linapokea kama 60% ya kinachofika badala ya robo asilimia. Katikati naweka kizuizi cha duara kuziba mionzi inayopita moja kwa moja bila kugusa kioo.

Na kuhusu mstari, naanza na gesi ya pete mbili kwenye 2.88 kwanza, kimiminika baadaye.

Chembe_Moto

Kwa gesi kwenye 2.88 weka filta ya titani ya nm 200 hivi. Ukingo wa titani uko 454 eV, kwa hiyo 430 inapita vizuri kiasi na ule mstari wa 500 eV (ndio huo wa nm 2.48) unaliwa, na mwanga wa leza unazuiwa hapohapo. Siku ukihamia 2.48 filta hiyo itoe maana itakuua kabisa. Dirisha la sampuli la naitraidi ya silikoni lifanye jembamba, nalo lina naitrojeni ndani yake inayofyonza kwenye 430.

Mama_Optiki

Namba zako za chanzo nimezipenda. Ila angalia upande wa sampuli. Kioo cha mm 60 kinatoa pete ya nyuzi 2.46 hadi 3.08. Objektivu yako inaishia 2.75. Kwa hiyo nusu ya nje ya pete inakupa mwanga ambao hauingii moja kwa moja kwenye zonipleti, ni mtawanyiko wa sampuli tu ndio utaingia, na utachanganya picha ya kawaida na picha ya giza (ile ya mtawanyiko pekee) kwenye fremu moja. Ama ufupishe kioo upande wa mbali na plazma, ama ubadilishe zonipleti.

Nuru_Kavu (mleta uzi)

Zonipleti ya nm 25 je? Inafika nyuzi 3.3, pete nzima inaingia. Kipenyo mikroni 60, fokasi inashuka kutoka mm 0.625 hadi 0.52, zoni zinapanda kutoka 500 hadi 600.

FundiVioo

Inafaa, na uwezo wa kutenganisha unakuja kwenye nm 30 badala ya 37. Ila zoni 600 maana yake mstari wako lazima uwe mwembamba kuliko sehemu moja ya 600 ya urefu wa wimbi, la sivyo rangi zinachanganyika kwenye fokasi. Mstari wa naitrojeni wenyewe ni mwembamba wa kutosha, shida ni vistari vidogo vya jirani, pima spektra kwanza kabla hujaagiza. Na nafasi kati ya zonipleti na sampuli ni nusu milimita, chora kishikizo cha sampuli leo, usisubiri optiki ifike ndio ugundue hakiingii.

Kijana_wa_KB

Na kaboni mkuu. Mafuta ya pampu yakiingia kwenye chemba, mionzi inayavunja yanaganda juu ya nikeli kama masizi. Pampu kavu tu, gundi na plastiki ndani ya chemba punguza.

Nuru_Kavu (mleta uzi)

Nimezinakili zote. Naenda kupima saizi ya plazma kwa tundu la sindano kabla ya kugusa mchoro wa kioo, nikipata spektra nairudisha humuhumu mniambie kama zoni 600 zinapita.